Anayejitolea na Aliyeajiriwa Mbele ya Sheria ya Kazi

Katika mgogoro wa kazi, kabla ya kuuliza kama mtu aliachishwa kwa haki, kama alilipwa stahiki zake au kama alinyimwa likizo, kuna swali linalotangulia ambalo likijibiwa kinyume na matarajio ya mlalamikaji, mengine yote hukosa pa kusimama: je, mtu huyo alikuwa mfanyakazi mbele ya sheria? Kwa mwenye barua ya ajira na hati ya mshahara ya kila mwezi swali hilo huwa limekwisha kujibiwa, lakini kwa aliyeingia kazini kwa jina la kujitolea, akahudumu mwaka mmoja au miwili katika zahanati, shule, kituo cha redio au ofisi ya shirika lisilo la kiserikali huku akipewa fedha za nauli na ahadi kwamba nafasi zikitoka atafikiriwa, hilo ndilo shauri lenyewe. Sheria ya kazi humlinda mfanyakazi. Anayejitolea kwa maana kamili hayumo katika ulinzi huo, kima cha chini cha mshahara hakimhusu, wala hawezi kulalamika kwamba ajira yake ilikatishwa isivyo halali, kwa kuwa hapakuwa na ajira ya kukatishwa.

Tanzania Bara inafaa kutumiwa kulieleza jambo hili, kwa sababu sheria zake mbili za mwaka 2004, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zina vifungu vinavyogusa moja kwa moja hila za kuficha ajira, na kwa sababu kujitolea kumekuwa njia ya kawaida ambayo wahitimu wa vyuo huipitia wakisubiri kuajiriwa. (Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005, na namba za vifungu zitakazotajwa hapa ni za sheria za Bara kama zilivyotungwa awali.) Migogoro ya aina hii huanzia katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ambako msuluhishi hujaribu kwanza kuwapatanisha wahusika, na wasipopatana mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaowafunga wote wawili, na asiyeridhika nao huiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iupitie upya. Mamlaka ya Tume yamefungwa kwenye mahusiano ya kazi, na kwa hiyo utetezi ulio karibu zaidi na mkono wa mlalamikiwa ni kusema kwamba mlalamikaji hakuwahi kuwa mfanyakazi wake, bali alikuwa akijitolea tu, na kwamba Tume haina la kusikiliza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini humtambua mfanyakazi kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya mtu aliyeingia mkataba wa ajira. Ya pili, iliyo pana zaidi, ni ya mtu aliyeingia mkataba mwingine wowote ambao kwa huo anaahidi kufanya kazi yeye mwenyewe kwa ajili ya upande wa pili, ilimradi upande huo usiwe mteja wa biashara au taaluma anayoiendesha; ndiyo sababu fundi umeme mwenye karakana yake, akiitwa shuleni kutengeneza nyaya, hawi mfanyakazi wa shule hiyo hata kama kazi itachukua wiki tatu. Waziri mwenye dhamana ya kazi naye anaweza kutangaza kundi fulani la watu kuwa wafanyakazi. Anayejitolea hatajwi popote katika fasili hiyo, na hupatikana kwa kubaki nje yake. Lililo muhimu ni kwamba njia zote mbili zinataka pawepo mkataba, na Sheria ya Mikataba, ambayo ilifuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba makubaliano ambayo upande mmoja hautoi wala kuahidi chochote kwa kile unachopokea ni batili, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mtu anayetoa nguvu zake bure, bila kuahidiwa kitu na bila kujifunga kuendelea, ametoa zawadi, na zawadi haimfungi mtoaji wala mpokeaji kwa kesho.

Lau sheria ingeishia hapo, mlalamikaji angekuwa na mlima wa kupanda, kwa kuwa asiye na karatasi ndiye angetakiwa kuthibitisha mkataba. Ndipo kinapoingia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, ambacho kinaweka dhana ya kisheria, yaani jambo ambalo chombo cha uamuzi kinapaswa kulichukua kuwa kweli hadi upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma huchukuliwa kuwa mfanyakazi iwapo hata moja tu kati ya hali saba ipo: namna anavyofanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, akiwa anafanyia kazi taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa naye zana au vifaa vya kazi, au hafanyi kazi kwa mtu mwingine yeyote. Kifungu hiki kinafanana sana na kile kilichoongezwa katika sheria ya mahusiano ya kazi ya Afrika Kusini mwaka 2002, isipokuwa huko saa zinazotajwa ni 40.

Msomaji makini ataona kwamba katika hali hizo saba malipo hayatajwi waziwazi hata mara moja, na utegemezi wa kiuchumi ndio peke yake unaoyakaribia. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Saa 45 kwa mwezi ni kama saa mbili tu kwa kila siku ya kazi, na muuguzi mstaafu anayekwenda hospitali ya misheni asubuhi kwa hiari yake, akavaa aproni ya hospitali, akatumia vifaa vya wodi na kufuata maelekezo ya msimamizi wa zamu, anatimiza hali nne au tano bila kuwa na wazo la kudai chochote. Dhana hiyo, basi, ni wavu wenye matundu madogo mno, unaomnasa hata yule ambaye hakukusudiwa, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hilo si kasoro. Sheria haikusema kwamba kila aliyenaswa ni mfanyakazi; ilihamisha tu mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa mtu asiye na kabati la mafaili kwenda kwa yule mwenye kabati hilo. Taasisi inayopokea watu wa kujitolea kwa nia njema haipati shida kubwa kuonyesha kwamba uhusiano ulikuwa wa hiari, ilhali ile iliyotumia jina hilo kupunguza gharama za mishahara hulazimika kueleza mbele ya mwamuzi kwa nini mtu aliyepangiwa zamu za usiku mwaka mzima hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi.

Ni ushahidi gani, basi, unaotosha kuivunja dhana hiyo? Jibu lina sehemu mbili, wajibu na ujira, na mahakama za nchi nyingine zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza zimezichambua kwa kina, ingawa maamuzi yake hayazifungi mahakama za Tanzania na husomwa kwa ajili ya hoja zake. Kuhusu wajibu, uamuzi unaonukuliwa sana ni wa mwaka 2004 wa baraza la rufaa za ajira la Uingereza, katika shauri lililohusu ofisi ya ushauri kwa wananchi huko Sheffield. Ofisi hiyo ilikuwa na watu wengi wa kujitolea ambao walitia saini makubaliano yaliyotaja muda ambao kwa kawaida wangehudumu kwa wiki, wakapewa mafunzo na kurudishiwa gharama zao. Baraza lilisema kwamba swali halisi si kama watu hao walinufaika na chochote, bali ni kama ofisi ilikuwa na wajibu wa kimkataba wa kuwapa kazi na wao wajibu wa kuifanya, kiasi kwamba mmoja wao akiaga leo na kutorudi kesho ofisi ingeweza kumdai kwa kuvunja mkataba. Kwa kuwa ofisi isingeweza, hawakuwa wafanyakazi.

Kipimo hicho kinaeleweka hata bila elimu ya sheria. Anayejitolea akisema kwamba Jumatano hatafika ana shughuli, msimamizi anaweza kusikitika na kutafuta mwingine. Lakini kama anatakiwa kuandika barua ya kuomba ruhusa, kama jina lake liko katika daftari la mahudhurio pamoja na la waajiriwa, kama akichelewa anapewa onyo la maandishi au anakatwa posho, basi hapo pana amri na utii, na ni vigumu kuamini kwamba kilichokuwepo ni hiari tupu. Walimu wa kujitolea waliopangiwa vipindi katika ratiba ya shule, wakapewa madarasa ya kusimamia na mitihani ya kusahihisha, wako karibu sana na upande huu wa mpaka, kwa sababu ratiba ya shule isipotimizwa na wao, wanafunzi hukaa bila mwalimu.

Upande wa ujira ndio wenye ukungu mzito zaidi, na ukungu huo unaitwa posho. Kumrudishia mtu nauli aliyotumia au kumpa chakula cha mchana akiwa kazini hakumfanyi kuwa mfanyakazi, kwa kuwa anabaki alivyokuwa kabla hajaondoka nyumbani. Lakini fedha za kiasi kilekile kila mwezi, zisizoulizwa risiti wala umbali, zinazotolewa tarehe ileile ambayo wengine wanapokea mishahara, zina sura ya ujira hata zikiandikwa posho katika vocha. Mwaka 1998 baraza la rufaa za ajira la Uingereza lilikutana na hali ya namna hiyo katika shauri la mwanamke aliyekuwa akijitolea asubuhi nne kwa wiki katika shirika la kuwasaidia wahamiaji. Alilipwa kwanza pauni 25 na baadaye pauni 40 kila wiki kwa jina la kufidia gharama, ilhali hakuwa na gharama za maana za kufidiwa, na alilipwa hata alipokuwa likizoni au mgonjwa. Baraza lilikubali kwamba alikuwa mwajiriwa. Mwaka 2024 baraza hilohilo lilisema tena kwamba mwokoaji wa kujitolea wa pwani, aliyekuwa na haki ya kudai malipo ya saa kila alipohudhuria shughuli fulani, alihesabika kuwa mfanyakazi wakati wa shughuli hizo.

Ujira si lazima uwe fedha. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la taasisi ya kidini ya Alamo, iliyokuwa ikiendesha biashara za aina nyingi, vikiwemo vituo vya mafuta na ufugaji wa nguruwe, kwa nguvu za watu ambao wengi wao walikuwa wametoka katika uraibu wa dawa za kulevya au uhalifu. Hawakulipwa mshahara, lakini taasisi iliwapa chakula, mavazi na mahali pa kulala. Jambo linaloipa kesi hiyo uzito wa pekee ni kwamba watu wenyewe walifika mahakamani wakasema kwa hiari yao kwamba wanamtumikia Mungu na hawataki kuitwa waajiriwa. Mahakama ilikataa kuwafuata: ilisema kwamba matunzo hayo ni ujira kwa umbo jingine, na kwamba ikiwa ulinzi wa sheria utaondoka kila mtu anapotamka kwamba hauhitaji, waajiri wenye nguvu watawashawishi wanyonge wao kutamka hivyo.

Hoja hiyo ndiyo kiini cha kanuni ambayo Shirika la Kazi Duniani liliiandika katika Pendekezo lake Namba 198 la mwaka 2006 kuhusu uhusiano wa ajira: kwamba kuwepo kwa uhusiano huo kuamuliwe hasa kwa kutazama mambo yalivyotendeka, yaani kazi ilivyofanywa na malipo yalivyotolewa, bila kujali jina ambalo wahusika waliupa kwenye karatasi. Fomu iliyotiwa saini siku ya kwanza, yenye maneno kwamba mhusika anajitolea na hatadai chochote, ni ushahidi mmoja miongoni mwa mwingi, na haifungi mdomo wa mtu. Kanuni hiyohiyo hukata upande wa pili pia, kwa maana ya kwamba kuvaa kitambulisho chenye neno mtumishi hakumgeuzi kuwa mfanyakazi mtu aliyekuwa akija na kuondoka apendavyo.

Kenya imepita njia tofauti kidogo. Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007 inamfasili mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, pamoja na mwanagenzi, kwa hiyo malipo yamo ndani ya fasili yenyewe na asiyelipwa chochote ana kazi ngumu zaidi ya kujieleza. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika mambo ya kazi, na ni kwa msingi huo ambapo mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira iliamua, mwezi Aprili 2024, kwamba Tume ya Huduma za Walimu ilikiuka haki za walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi, ambao walikuwa na sifa kamili na usajili, wakifanya kazi ileile ya walimu wenzao, lakini wakipewa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Wanagenzi hao hawakuwa watu wa kujitolea kwa jina, ila shauri lao linaonyesha kwamba kubadilisha cheo cha mtu bila kubadilisha kazi yake hakuishawishi mahakama.

Tukirudi Tanzania Bara, inafaa kutenganisha hali nyingine zinazochanganywa na kujitolea. Asiyelipwa kwa sababu mwajiri ameshindwa au amekataa kulipa mshahara ulioahidiwa si mtu wa kujitolea. Ni mfanyakazi anayedai, na deni lake haligeuki sadaka kwa kukawia. Aliye katika muda wa majaribio, ambao kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 haupaswi kuzidi miezi 12, naye ni mfanyakazi anayestahili mshahara tangu siku ya kwanza, jambo linaloondoa udhuru wa mwajiri anayemtaka mtu ajitolee kwanza ili uonekane uwezo wake, kwani sheria imekwisha kumpa njia ya kuupima uwezo huo huku akilipa. Msaragambo wa kuchimba msingi wa zahanati au kusafisha barabara ya kijiji uko katika fungu lake peke yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inapopiga marufuku kazi za kulazimishwa huacha nje huduma ndogo za kijumuiya zinazofanywa na wanajamii kwa manufaa yao wenyewe baada ya kushirikishwa. Vijana wa kujitolea wa Jeshi la Kujenga Taifa nao, pamoja na nidhamu kali na posho wanayopewa, hawawezi kwenda CMA, kwa kuwa jeshi hilo limetajwa wazi miongoni mwa vyombo visivyoguswa na sheria hiyo.

Utumishi wa umma una ugumu wake. Ajira serikalini hufuata kibali, tangazo, usaili na barua ya mamlaka ya uteuzi, na anayejitolea katika kituo cha afya cha halmashauri kwa ruhusa ya mdomo ya mganga mfawidhi atakabiliwa na hoja kwamba mganga hakuwa na mamlaka ya kumwajiri. Iwapo anayelipa posho ni kamati ya shule kwa michango ya wazazi, swali jingine hujitokeza, nalo ni nani hasa alikuwa mwajiri.

Tarehe ya kuanza ina uzito ambao wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita na mwajiri wake. Mtu aliyejitolea miezi kumi, akapewa barua ya ajira, kisha akaondolewa baada ya miezi mitatu, atakuwa nje ya ulinzi huo ikiwa hesabu inaanzia kwenye barua, na atakuwa ndani yake ikiwa atathibitisha kwamba ile miezi kumi nayo ilikuwa ajira iliyofichwa. Katika mashauri kama hayo mabishano kuhusu kujitolea hayahusu miezi ya zamani peke yake. Yanaamua hatima ya dai zima.

Ushahidi wa mambo haya mara nyingi ni vitu vidogo: picha ya ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, ujumbe wa simu wa msimamizi unaoanza kwa kuuliza mtu yuko wapi, rekodi za fedha zilizotumwa kwa simu tarehe ileile ya kila mwezi, nakala ya barua ya kuomba ruhusa yenye mhuri. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na akishindwa kuyaleta shauri linaposikilizwa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Lakini faida hiyo humfikia yule tu aliyekwisha kuvuka kizingiti cha kuitwa mfanyakazi. Muda nao ni mfupi. Kwa kanuni za Tume za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60, na anayetaka kupeleka baada ya hapo hulazimika kuomba kuongezewa muda kwa kutoa sababu za msingi. Anayeambiwa apumzike kidogo akisubiri bajeti mpya, akapumzika miezi mitano kwa heshima ya wakubwa, huenda akakuta mlango umeshafungwa.

Anayeshindwa kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi hukosa njia ya CMA, ila si lazima akose kila njia, kwa kuwa mahakama za kawaida zinabaki wazi kwa madai ya mikataba na ya kuumizwa kwa uzembe. Sheria ya Mikataba, katika zile hali chache ambazo makubaliano yasiyo na malipo ya pande mbili hubaki halali, imeitaja ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari amefanya jambo kwa hiari yake kwa ajili ya mtoa ahadi. Taasisi iliyoahidi, baada ya kazi kufanyika, kwamba itawapa kitu wale waliojitolea inaweza kudaiwa kwa ahadi hiyo. Kifungu kingine cha sheria hiyohiyo kinamtaka aliyenufaika na kazi halali ya mwenzake kumlipa fidia, kwa sharti kwamba aliyeifanya hakukusudia kuifanya bure, na mdai anayekitegemea atajikuta akiulizwa, mbele ya hakimu mwingine, swali lilelile aliloulizwa na mwamuzi.